Fyuzi Isiyokatika

Wahesabuni pamoja nami watu waliokuwa katika nyumba ya Mchungaji, Usharika wa Kwembago, Jumamosi ya tarehe 9 Januari 1988, saa tatu asubuhi.

Alikuwapo Mzee Zefania Kaoneka, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu wa miraba minne, mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya bonde. Alikuwapo Bi Perisi Mntangi, kiongozi wa akina mama. Wengi humwita Pelisi, lakini cheti chake cha ubatizo kinasema Perisi, nasi tumwite hivyo. Alikuwapo fundi umeme kutoka mjini, Mbaruku Sengasu, Mwislamu, aliyekuja na ngazi yake mwenyewe begani. Na alikuwapo Mzee Naftali Shekimweri, katibu wa wazee, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, magoti yote mawili mabovu, daftari kwapani.

Hao wanne tu. Mchungaji wa zamani alikuwa amehamishwa wiki ya Krismasi. Mchungaji mpya, Eliapenda Mbaga, alitazamiwa Jumatatu, yeye, mkewe na watoto watatu. Wazee walikuja kukagua nyumba ambayo familia hiyo ingelala.

Ukaguzi wenyewe ulikuwa wa desturi. Nyumba ile ilijengwa na misheni mwaka 1954, ikafungwa umeme mwaka uo huo, na tangu wakati huo kila Januari wazee waliikagua namna moja. Mwenyekiti husimama mlangoni pa chumba na kutamka jina la chumba. Mtu mmoja hubonyeza swichi. Balbu ikiwaka, wote husema, "Imewaka." Katibu huandika "Salama." Kisha huenda chumba cha pili. Mwisho hunywa chai, huomba, hutawanyika. Naftali alikuwa ameandika neno hilo, salama, kwa miaka ishirini na saba, kwa mwandiko ule wa kulala kidogo upande wa kulia aliofundishwa shule ya kati, na hakuna mwaka hata mmoja alioandika neno jingine. Mwaka huu uzee ulikuwa umemlemea. Alikuwa amechoka. Alichoka na vikao, alichoka na mlima wa kutoka kwake hadi kanisani, na siku hizi alichoka hata na kuvua viatu.

Mwaka huu Bi Perisi ndiye aliyevuruga desturi. Mke wa Mchungaji aliyehama alimwambia kabla ya kuondoka kwamba kila akipiga pasi, chumbani kulikuwa na harufu ya kandambili iliyoangukia motoni. Bi Perisi hakungoja kikao. Alikwenda mjini akamleta fundi.

"Fundi Mwislamu katika nyumba ya Mchungaji," alisema Mzee Zefania, akimtazama Mbaruku toka kofia hadi viatu. "Sasa utatukagua na sisi?"

"Mimi natafuta waya, Mzee," Mbaruku alijibu. "Wachungaji nawaachia ninyi."

Bi Perisi alicheka mpaka akashika mlango. Naftali naye alitabasamu, akafungua daftari, akasimama mahali pake.

"Sebule!" Zefania aliita.

Bi Perisi akabonyeza. Balbu ikawaka.

"Imewaka."

"Wazee wangu," fundi alisema taratibu, "hapo mmekagua balbu."

"Kwani tunatakiwa kukagua nini?" Zefania aliuliza.

"Waya. Na waya ziko darini. Nani kati yenu amewahi kupanda darini?"

Hakuna aliyewahi. Mtu wa nje asingeelewa, kwa hiyo nawaeleza. Kifuniko cha dari ya nyumba ile kilikuwa ndani ya chumba cha kulala cha Mchungaji, juu kabisa ya kitanda. Wazee wa kwanza wa Kwembago waliona ni utovu wa adabu kwa muumini kutembea juu ya mahali anapolaza kichwa mtu anayewabariki. Wakasema, hatukanyagi juu ya kichwa cha Mchungaji. Waliofuata wakasema vivyo hivyo. Miaka thelathini na minne ikapita, na kwa heshima tu, hakuna mtu aliyejua kuna nini kule juu.

"Leo hakuna kichwa," alisema Bi Perisi. "Kitanda kitupu. Panda, Fundi."

Mbaruku alikwenda kwanza kwenye sanduku la fyuzi ukumbini, akazima swichi kubwa, akaegemeza ngazi, akasukuma kifuniko, akapotea na tochi yake. Walisikia magoti yake yakigonga mbao, kutoka chumbani hadi sebuleni, kutoka sebuleni hadi jikoni. Vumbi lilidondoka kwenye kofia ya mwenyekiti. Mara moja alisema, "Ee Mola," kwa sauti ya mtu asiyejua kama anasikika.

Aliposhuka alikuwa na kipande cha waya, urefu wa kiganja. Alimwekea Naftali mkononi.

"Kunja, Mzee."

Naftali alikunja. Mpira uliozunguka waya ulipasuka, ukamwagika kwenye kurasa za daftari kama majani makavu ya chai. Ikabaki shaba tupu, inang'aa.

"Ziko hivyo zote," alisema Mbaruku. "Mpira huu wa zamani ukikaa kwenye joto la bati miaka mingi, unakufa. Huko juu waya mbili zimelala juu ya mbao, uchi, zimeachana upana wa kidole. Panya mmoja akipita, basi. Na juu ya sebule kuna mahali pameungua, mbao imekuwa mkaa. Iliwaka, ikazimika yenyewe, Mungu anajua kwa nini."

"Lakini taa haizimiki," alisema Zefania. "Nyumba hii, Fundi, umeme wake ni wa kuaminika kuliko wa hospitali. Miaka mingapi, Naftali? Haujazimika hata siku moja!"

"Ndicho kinachonishangaza," Mbaruku alisema. "Kwa waya kama hizi, fyuzi ingekuwa imekatika mara mia."

Akarudi kwenye lile sanduku la ukumbini, akachomoa fyuzi ya kwanza.

Naftali alijua atakachokiona fundi. Alijua kabla fundi hajageuka. Alitaka kukaa, lakini viti vilikuwa vimefunikwa shuka kumngojea Mchungaji mpya.

"Nani aliweka hii?" fundi aliuliza.

Mahali pa ule uzi mwembamba wa fyuzi, uzi ambao kazi yake ni kukatika umeme unapozidi, palikuwa na waya mnene wa kufungia mizigo, umesokotwa mara mbili. Kitu hicho hakikatiki. Nyumba ingeweza kuungua yote, na taa zingeendelea kuwaka.

Turudi nyuma kidogo. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1969, mchana, wageni wa Jimbo wamekaa mezani, akina mama wana majiko mawili ya umeme jikoni, na fyuzi ikakatika. Ikatiwa nyingine, ikakatika. Mara tatu. Aibu kubwa. Wakati huo Naftali alikuwa karani wa stoo ya misheni. Alikwenda stoo, akarudi na kipande cha waya wa kufungia mizigo, akakisokota, akakitia. Taa zikawaka, majiko yakawaka, wageni wakala. Watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na minane, wakamwita Fundi wa Kwembago, naye hakukataa jina hilo.

Sasa fundi halisi alikuwa amesimama mbele yake na ule waya kiganjani.

"Si lazima kujua aliyeweka," Zefania alisema haraka. Naye alikumbuka, alikuwa mezani siku ile. "Wamepita watu wengi hapa. Naftali, tusipotezeane muda. Mchungaji anafika keshokutwa na watoto. Andika salama. Chini yake andika, kuna marekebisho madogo yatafanywa baada ya Pasaka. Fundi, baada ya Pasaka utarudi, sivyo?"

"Nitarudi hata kesho nikiitwa," alisema Mbaruku. "Lakini mtoto hatalala hapa umeme ukiwa umewashwa. Mkiandika salama, mimi jina langu lisiwemo."

"Waya mpya zitoke Tanga! Wiki tatu! Mchungaji akae gizani wiki tatu?"

"Akae na kandili," alisema Bi Perisi. "Mimi nililelewa kwa kandili na nikazaa watoto saba."

"Hayo ya watoto saba hayakuhitaji taa, Mama Perisi."

"Mwenyekiti! Ndani ya nyumba ya Mchungaji!"

Walicheka wote isipokuwa Naftali. Yeye alikuwa anatazama ukurasa. Juu yake kulikuwa na Januari 1987, Salama. Juu ya hapo, 1986, Salama. Na mpira uliopasuka umetapakaa juu ya maneno hayo. Alifikiri, mwandiko wangu ni mzuri mno. Mtu akiuona anaamini.

"Ni mimi," alisema.

"Naftali, nyamaza," Zefania alisema kwa sauti ya chini, na ilikuwa sauti ya rafiki.

"Ni mimi niliyeweka waya ule. Tarehe 25 Desemba 1969. Nilidhani nasaidia." Kisha akaandika, polepole, akiyasema maneno kadiri alivyoyaandika: "Nyumba si salama. Umeme uzimwe. Usiwashwe hadi waya zote zibadilishwe. Fyuzi iliharibiwa na Naftali Shekimweri, katibu." Akatia sahihi. Akampa fundi kalamu, naye akatia yake.

Bi Perisi alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia. Zefania alivua kofia, akaipangusa vumbi kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji, akasema, "Haya. Imekwisha." Na Naftali alisikia wepesi ambao hakuwa ameusikia kwa miaka. Uchovu wake wenyewe ulikuwa mtamu, kama uchovu wa mtu aliyefika.

Je, si ungamo zuri hilo? Mngetaka nini zaidi kwa mzee wa miaka sabini na mmoja? Kama mfano ungeishia hapo, tungeimba, tukaenda nyumbani.

Lakini Mbaruku, akifunga mkoba wake, aliuliza swali moja, kama mafundi wote waangalifu wanavyouliza.

"Mzee, kuna nyumba nyingine uliisaidia namna hii?"

Ilikuwapo. Ilikuwapo nyumba ya dada yake, Luise, nusu saa kwa miguu, kule Kwezitu. Luise alifiwa na mumewe, Hermani Shemhilu, mwaka 1970. Naftali ndiye aliyemfungia umeme, apate faraja. Alitumia waya zilizobaki misheni ilipojenga, waya zile zile, tena alizichukua stoo bila kumwomba mtu yeyote, yeye aliyekuwa na funguo na aliyesifiwa kwa uaminifu wake. Na kwa kuwa alikuwa Fundi wa Kwembago, alimtilia na waya mnene mahali pa fyuzi, ili dada yake asihangaike.

Yote hayo yalipita kichwani mwake mkono wa Bi Perisi ukiwa bado una joto juu ya wake. Akitaja nyumba ile, wataenda kuitazama. Wakiitazama, wataona waya ni za misheni. Wakiona ni za misheni, watauliza. Na yeye alikuwa amekwisha kuungama mara moja asubuhi hiyo, na nguvu aliyokuwa nayo ilikuwa ya mara moja.

Akajibu, "Katika nyumba za kanisa, ni hii tu."

Lisikilizeni jibu hilo, ndugu zangu. Ni jibu la mtu aliyesoma. Hakuna neno la uongo ndani yake. Mbaruku alisema, "Alhamdulillahi," akaweka ngazi begani, akaenda zake.

Mchungaji Mbaga alifika Jumatatu. Alipokewa kwa kandili mbili na maelezo marefu ya mwenyekiti. Mkewe alipousoma ukurasa ule wa daftari alikwenda mwenyewe kwa Mzee Naftali kumshukuru kwa ajili ya watoto wake watatu. Alimletea ndizi. Naftali alizipokea, na hakuzila.

Jumanne alikutana na dada yake kwenye mashine ya kusaga. Luise alikuwa amekaa juu ya gunia lake akingoja zamu, mweupe wa unga hadi kope.

"Naftali!" alipaza sauti kushinda mashine. "Nasikia umemzimia Mchungaji taa! Mtumishi wa Mungu anatafuta mdomo wake kwa kandili!"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wenye macho wanasema unazeeka vibaya. Mimi nasema ulikuwa hivyo tangu mdogo, ukivunja chungu unakimbia kuwaambia watu." Akacheka. "Mlete Mchungaji kwangu. Kwangu hakuzimiki. Nani alinifungia? Si Fundi wa Kwembago mwenyewe? Na sasa mjukuu wangu Edina ameniletea birika la umeme kutoka Dar es Salaam. Maji yanachemka kabla sijapata kikombe."

"Birika la umeme," Naftali alisema.

"Na pasi. Navichomeka pamoja, chai na gauni vinaiva kwa wakati mmoja."

Watu wa mashineni walicheka. Walikuwa kama kumi, na nusu yao walikuwa wa usharika wake. Naftali alisogea karibu.

"Dada, zile waya za kwako..."

"Zina nini?"

Mashine ilikuwa inanguruma. Magoti yalikuwa yanamuuma. Alimtazama msaga unga, akawatazama wale watu, na akaona ni maneno mengi mno: stoo, funguo, waya, fyuzi, Krismasi, yote hayo mbele ya watu, na kwa sauti ya kupiga kelele.

"Nitakuja Jumapili baada ya ibada tuzitazame."

"Njoo na njaa," alisema Luise. "Nitachinja kuku."

Alikwenda nyumbani. Jumatano mvua ilinyesha. Alhamisi alisema, bado siku tatu tu. Tena mwanamke huyu ametumia umeme ule miaka kumi na minane bila dhara. Na kweli, hata mtu aliyesikia habari ya mbao iliyogeuka mkaa anaweza kusema hivyo, akiwa amechoka vya kutosha.

Sasa, sisi tulioketi hapa, tumhukumu? Nawaona baadhi yenu mmeshakunja uso. Ngojeni.

Mungu alitia ndani ya kila mmoja wetu uzi mwembamba. Kazi ya uzi huo ni kukatika. Tukizidisha, unakatika, nasi tunabaki gizani, tunaaibika mbele ya wageni, tunalazimika kutafuta tulipokosea. Giza hilo ni rehema. Lakini sisi hatulipendi giza, wala hatupendi wageni wangoje. Tunatafuta kitu kinene cha kuweka pale: cheo, umri, mazoea, sifa za watu. Tukikiweka, hatuzimiki tena. Tunaimba, tunatoa sadaka, tunawaka sebule hadi jikoni, na watu wanasema, tazama imani isiyotikisika. Kila mwaka tunakaguliwa balbu, na kila mwaka tunaandikiwa salama. Nani kati yetu amepanda darini mwake mwenyewe?

Hilo ni la kwanza, na nadhani mlikuwa mmeshaliona. Hili la pili ni zito zaidi, nami si mtu wa kulikwepa.

Tunaungama alichokiona fundi. Kikishawekwa kiganjani mbele ya macho yetu, tunasema, ni mimi. Tunasema kwa unyenyekevu, na tarehe tunataja. Watu wanatushika mkono, tunasikia wepesi, na tunafikiri wepesi huo ni msamaha. Lakini ile nyumba ya pili, ambayo hakuna fundi aliyeifikia? Ile inayojulikana na sisi peke yetu? Tunaijibia kwa sentensi safi isiyo na uongo. Tunasema, katika nyumba za kanisa, ni hii tu. Na ndani ya nyumba ile ya pili anakaa mtu. Siku zote anakaa mtu. Hajui. Anatusifu. Anatukaribisha kuku.

Tena hatukatai kumwambia. Mimi sijawahi kumwona mtu aliyekataa. Tunamwekea siku. Tunasema Jumapili, baada ya ibada, nikipumzika, magoti yakipoa. Naftali hakuwa mtu mbaya, naye alikusudia kwenda. Alikuwa ameshaomba tochi kwa jirani. Mliochoka kama yeye, nanyi ni wengi, nawaomba jambo moja: leo msiende nyumbani kwanza. Pitieni kule.

Bi Luise Shekimweri, mjane wa Hermani Shemhilu, alifariki Ijumaa, tarehe 15 Januari 1988, saa nane mchana, ndani ya nyumba yake Kwezitu. Moto ulianzia darini. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita.